Kuagiza, Kunywa na Kula kwenye Pabu ya Kijijini Uingereza: Mwongozo kwa Aliyezoea Baa za Dar

Ukiingia baa ya Sinza au Tabata unavuta kiti, unakaa, na mhudumu anakufuata na swali lake: baridi au moto? Ukifanya hivyo kwenye pabu ya kijijini Uingereza utakaa mpaka koo likauke. Hakuna atakayekuja, na hiyo si dharau wala ubaguzi. Pale mteja ndiye anayeifuata kaunta: anaagiza, analipa, anabeba glasi yake na kurudi nayo mezani. Wanafunzi wetu na waliokwenda kutembelea ndugu huharibu jioni nzima kwa kutolijua hilo moja, kisha wanarudi Dar wakisema Waingereza hawajui kuhudumia wageni. Wanajua sana, ila kazi yote inafanyika kaunta.

Tunazungumzia pabu ya kijijini, siyo baa za katikati ya London. Mara nyingi ni nyumba ya zamani yenye dari la chini, mahali pa kuwashia moto wa kuni, bustani nyuma, na muziki mdogo au hakuna kabisa. Watu huja kuongea. Nje huning'inia kibao chenye picha na jina: Red Lion, Crown na Royal Oak ni majina utakayokutana nayo tena na tena. Hilo la Royal Oak linatokana na mti wa mwaloni ambamo mfalme Charles II alijificha mwaka 1651 baada ya kushindwa vita vya Worcester. Ukiona maandishi "Free House" ukutani, usitegemee kunywa bure. Maana yake ni kwamba mwenye pabu hajafungwa na mkataba wa kampuni moja ya bia, kwa hiyo anauza anazozitaka. Kwa mnywaji hiyo ni dalili njema.

Kabla ya kutoka

Tafuta saa za jiko, maana saa za pabu hazikuambii kitu kuhusu chakula. Pabu inaweza kuwa wazi kutwa, lakini jiko likafanya kazi kuanzia saa sita mchana hadi saa nane na nusu, likafungwa, kisha likafunguliwa saa kumi na mbili jioni hadi saa tatu usiku. Ukifika saa kumi jioni na njaa yako utapewa krispi na karanga. Hakuna mtu wa chipsi nje ya geti. Jumatatu pabu nyingi za vijijini hufunga jiko, nyingine hufunga kabisa. Jumapili chakula ni cha mchana na huisha mapema, na ndiyo siku ya kuweka nafasi siku kadhaa kabla, kwa simu au kwenye tovuti yao.

Pesa za simu za kwetu hazitakusaidia pale kaunta. Kinachotumika ni kadi ya benki ya kugusisha, na baadhi ya pabu hazipokei tena fedha taslimu. Kabla ya kupanda ndege iulize benki yako kama kadi imefunguliwa kwa malipo ya nje ya nchi. Ukibeba noti, zikague. Kuna watu Dar wana pauni zilizokaa kabatini miaka mingi na watakuuzia au kukupa kwa nia njema kabisa, lakini noti za karatasi zimeondolewa zote: ya 5 mwaka 2017, ya 10 mwaka 2018, ya 20 na ya 50 mwishoni mwa Septemba 2022. Zinazopokelewa sasa ni za plastiki. Sarafu ya zamani ya pauni moja iliyo duara kamili nayo iliondolewa mwaka 2017. Benki Kuu ya Uingereza bado hubadilisha noti za zamani, ila muuzaji wa kaunta hatazigusa.

Beba pasipoti. Umri wa kununua pombe ni miaka 18, lakini pabu nyingi humtaka kitambulisho kila anayeonekana kuwa chini ya miaka 25, na ngozi zetu huficha umri. Kitambulisho cha NIDA muuzaji hakijui, na picha iliyo kwenye simu kwa kawaida hukataliwa.

Kaunta

Ukishaingia, salimia kwa kichwa au kwa neno, kisha tafuta meza. Kama unataka kula, muulize kwanza aliyeko kaunta ukae wapi, kwa sababu meza zenye kibao cha "Reserved" zina wenyewe. Soma namba ya meza yako kabla hujainuka. Kila siku kuna mgeni anayeagiza chakula, anaulizwa namba ya meza, anarudi mbio kuitazama, na nafasi yake pale kaunta inachukuliwa.

Kisha nenda kaunta. Utaona watu wamesimama shaghalabaghala, bila mstari. Usidanganyike. Foleni ipo vichwani mwao, na kila mmoja anajua nani alifika kabla yake. Simama palipo na uwazi, gusa kaunta, mtazame muuzaji usoni na usubiri. Usimwite kwa "pss", usipige makofi, usitikise noti hewani, usigonge glasi. Hata ule wito wetu wa "dada!" kutoka mbali, ambao hapa ni wa heshima, pale unasikika kama kelele. Muuzaji ameshakuona. Akikugeukia wewe na unajua kuna mtu alikutangulia, mwonyeshe huyo kwanza. Hakuna kitu kitakachokupa heshima haraka kuliko hicho.

Taja vinywaji vyote kwa mkupuo mmoja, siyo kimoja, ukakabidhiwa, ndipo ukumbuke cha pili. Kama kuna Guinness katika oda, itaje mwanzo: humiminwa mara mbili na huachwa itulie katikati, na wakati huo vingine vinaandaliwa. Namna salama ya kuomba ni "Could I have a pint of bitter, please?" Bitter ni ale ya kawaida ya Kiingereza, yenye uchungu kidogo. Hilo neno la mwisho, "please", usiliache hata siku moja. Oda isiyo nalo huchukuliwa kama amri.

Unalipa hapo hapo, kila unapoagiza. Kwetu chupa tupu zinabaki mezani ili bili ihesabike. Kule glasi tupu hazihesabiwi na mtu. Mkitaka kula na kunywa kwa muda mrefu, uliza kama unaweza kufunguliwa bili. Wengine watashika kadi yako nyuma ya kaunta mpaka mwisho. Ukifunguliwa, usiondoke ukasahau.

Bakshishi kwa kinywaji cha kaunta haitarajiwi. Ukitaka kumshukuru muuzaji aliyekuhudumia vizuri, ongeza kwenye oda: "and one for yourself". Atachukua bei ya kinywaji kidogo, au atakunywa baadaye. Kwa chakula kilicholetwa mezani, asilimia 10 ni ya kiungwana, lakini soma bili kwanza. Ikiwa imeshaongezwa humo, usilipe mara mbili.

Vipimo na bei

Bia ya bomba huuzwa kwa painti, nusu painti, theluthi au theluthi mbili, na sheria hairuhusu kipimo kingine chini ya painti. Painti ni mililita 568, yaani imezidi kidogo chupa yetu ya nusu lita. Vijijini painti huwa kati ya pauni 4 na 6, na sahani ya chakula kikuu mara nyingi kati ya 14 na 20. Povu likiwa refu mno una haki ya kuomba uongezwe, na mwuzaji ataongeza bila kununa. Jini, rumu, vodka na wiski hupimwa mililita 25 au 35, kipimo kimoja kwa nyumba nzima, na lazima kitangazwe. Mvinyo kwa glasi ni 125, 175 au 250. Usiposema ukubwa unaweza kupewa glasi iliyobeba theluthi ya chupa, kwa hiyo sema.

Bia yenyewe

Hapa ndipo mtu wa Dar hukata tamaa mapema, na ni hasara kubwa, kwa sababu bia ya pipa ndiyo sababu ya kwenda pabu ya kijijini.

Kaunta ina mabomba ya aina mbili. Yale mafupi yanayofunguliwa kwa kidole hutoa lager, jamaa ya Kilimanjaro na Safari: ya rangi ya dhahabu, yenye gesi, baridi kama ya friji. Yale yenye mpini mrefu wa mbao au kauri, ambayo muuzaji huyavuta kwa mkono kwa nguvu, hutoa ale ya pipa. Hii haijachemshwa kuua hamira. Huingia ndani ya pipa ikiwa hai, inaendelea kuchachuka humo chini ya pabu, na gesi yake ni ile iliyojitengenezea yenyewe. Mwaka 1971 wanywaji waliunda chama, CAMRA, kuitetea kwa sababu kampuni kubwa zilikuwa zinaiua. Kuwepo kwake leo katika vijiji vingi kunatokana kwa sehemu kubwa na ubishi wao.

Ale hutolewa kwa nyuzi 11 hadi 13. Si moto ile ya kutoka kwenye kreti kwetu, ambayo kwa joto la Dar hufika nyuzi 30, na si baridi ya kuganda. Ubaridi ukizidi, ladha hulala na bia inakuwa maji machungu. Usiombe barafu, na usiseme imechacha kwa sababu tu haitoi ukungu kwenye glasi. Kunywa polepole, theluthi ya kwanza bila kuhukumu. Aliyezoea gesi nyingi huiona imelala. Akifika nusu ya glasi anaanza kupata kimea, matunda, na uchungu wa hops, maua yanayotiwa kwenye bia, unaokaa mdomoni.

Kwenye kila mpini kuna kibao chenye jina la bia, kiwanda na asilimia ya kilevi. Isome hiyo asilimia. Bitter ya kawaida ina 3.5 hadi 4.5, Safari yetu ina 5.5. Painti ya bitter ya asilimia 4 ina kilevi kidogo kuliko chupa moja ya Safari ya nusu lita, ingawa ni nyingi zaidi tumboni. Lakini zipo ale za asilimia 6 na zaidi zinazoteremka kirahisi vile vile, na hizo ndizo zinazomwangusha mgeni. Kibao kikigeuzwa nyuma mbele, bia hiyo imekwisha.

Kama hujui uchague ipi, omba kuonja. Utapewa tone kwenye glasi ndogo, bure. Moja au mbili ni adabu. Tano ni kumchosha mwenzako aliye nyuma. Anza na bitter au "golden ale", na stout, bia nyeusi jamaa ya Guinness, uiache mpaka baadaye.

Pipa likishafunguliwa hewa huingia, na bia inatakiwa iishe ndani ya siku 3 hivi. Pipa la kawaida lina galoni 9, sawa na painti 72. Piga hesabu: kijiji chenye wanywaji wachache hakiwezi kumaliza mapipa nane kwa wakati. Kwa hiyo pabu ndogo yenye mipini miwili au mitatu mara nyingi inakupa bia bora kuliko ile iliyopanga mipini kama meno, na Jumanne mchana ni wakati mbaya zaidi kuliko Ijumaa jioni. Muulize muuzaji ni ipi inayokwenda zaidi, unywe hiyo.

Ikinuka siki, au ikiwa imetibuka wakati bia hiyo haitengenezwi hivyo, irudishe mapema. Sema kwa upole kwamba unahisi haiko sawa. Itabadilishwa. Ukiirudisha imebaki robo, muuzaji hatakuamini, na atakuwa na haki.

Kama hunywi pombe

Pabu si ya walevi peke yao, na hakuna atakayekuhoji kwa nini hunywi. Kuna soda, chai, kahawa, na kinywaji kizuri cha bei ndogo: sharubati ya ndimu na maji ya soda, "lime and soda". Maji ya bomba ni bure kwa mteja akiomba, hilo ni agizo la sheria ya leseni, na maji ya bomba kule yananywewa bila kuchemshwa.

Tahadhari tatu, na tunazisisitiza kwa Waislamu na kwa yeyote anayejizuia. "Cider" kule si juisi ya tufaha. Ni pombe, na nyingine hupita asilimia 6. "Shandy" ni bia iliyochanganywa na soda. "Ginger beer", ambayo utaidhani ni Tangawizi yetu, ipo ya soda na ipo yenye kilevi, kwa hiyo uliza kabla haijafunguliwa.

Chakula

Kitimoto kimejificha kila mahali kwenye menyu, na jina la chakula halikwambii. "Gammon" ni paja la nguruwe. Soseji za "bangers and mash" kwa kawaida ni za nguruwe. "Scotch egg" ni yai lililozungushiwa nyama ya soseji hiyo hiyo. "Black pudding" ni damu. "Pork scratchings" ni ngozi iliyokaangwa, huuzwa kwenye pakiti kando ya krispi. "Ploughman's", ambayo ni mkate, jibini, achari na saladi, mara nyingi hubeba kipande cha nyama ya paja. Pombe nayo inaingia jikoni: "steak and ale pie" ina bia kwenye mchuzi, na unga wa kukaangia samaki mara nyingi hukorogwa na bia. Mafuta ya kukaangia yanaweza kuwa ya ng'ombe au ya nguruwe. Nyama halali usiitegemee kijijini. Anayezingatia hayo achague kwenye vyakula vya mboga, au samaki wa kuokwa, na aulize mafuta. Kuuliza ni kawaida kabisa: sheria inawataka wajue kama chakula kina kitu chochote kati ya 14 vinavyosababisha mzio, kama karanga, maziwa na samaki, kwa hiyo wapishi wamezoea maswali.

Asiye na mipaka hiyo, aanze na samaki na chipsi: kipande kikubwa cha cod au haddock kisicho na mwiba, chipsi nene, na njegere zilizopondwa. Nyunyizia siki na chumvi. Kachumbari hakuna. Pilipili ukiomba utaletewa ya chupa, tena tamu tamu. Ile haradali ya njano ya Kiingereza ichukue kwa ncha ya kisu, maana haiwaki ulimi, inapanda puani. Steki ukiulizwa iiveje na hupendi kuona wekundu, sema "well done", na ujue itachelewa.

Jumapili ni siku ya "roast". Unachagua nyama moja: ng'ombe, kondoo, kuku au nguruwe. Inakuja imekatwa vipande, pamoja na viazi vya kuokwa kwenye mafuta, karoti, kabichi na mchuzi mzito wa rangi ya kahawia. Ng'ombe hupewa "Yorkshire pudding", ambayo licha ya jina si tamu: ni unga, mayai na maziwa, uliookwa ukavimba kama bakuli. Mimina mchuzi humo ndani. Kondoo huliwa na sosi ya mnanaa, nguruwe na ya tufaha. Nyama ikiisha imeisha, na ya ng'ombe ndiyo huisha kwanza, kwa hiyo nafasi ya saa saba mchana ni bora kuliko ya saa tisa. Acha pengo kwa "sticky toffee pudding", keki ya tende iliyomwagiwa sosi ya sukari iliyoungua. Mtu aliyekulia kwenye kashata na halua ataielewa mara moja.

Chakula, tofauti na kinywaji, utaletewa mezani. Vijiko, uma na sosi mara nyingi unavichukua mwenyewe kwenye meza ya pembeni.

Raundi

Kwetu mwenye nacho anatoa ofa na wengine wanashukuru. Kule kila mmoja ananunulia kundi zima kwa zamu. Mkiwa wanne na mmoja akanunua nne, zamu yako inakuja, hata kama wewe ulikunywa soda. Anayekunywa raundi tatu kisha akaondoka kabla ya zamu yake anakumbukwa muda mrefu. Inuka glasi zinapobaki robo, usisubiri zikauke. Kama kundi ni la watu wanane, au fedha ni ya mwanafunzi, sema mapema, kabla ya raundi ya kwanza, kwamba utajinunulia mwenyewe. Hilo linakubalika. Kukataa katikati ndiko kunakoudhi. Na kama wenzako wana kasi, chukua nusu painti kila raundi, utafika salama.

Mbwa, watoto, moshi

Mbwa huingia ndani na kulala chini ya meza. Asiyetaka kuguswa na mbwa aombe chumba cha kulia, ambako mara nyingi hawaruhusiwi. Watoto huruhusiwa wakiwa na mtu mzima, kwa kawaida mpaka jioni; wa miaka 16 na 17 wanaweza kunywa bia, mvinyo au cider pamoja na mlo mezani ikiwa mtu mzima yuko nao na ndiye aliyenunua. Sigara ndani ni marufuku tangu Julai 1, 2007. Meza ya pool ikiwa na sarafu ukingoni, kuna mtu ameshika zamu.

Kuondoka

Tangu mwaka 2005 kila pabu ina saa zake kwa mujibu wa leseni, lakini vijijini nyingi hufunga saa tano usiku, na Jumapili mapema zaidi. Kengele ya kwanza ni nafasi ya mwisho ya kuagiza. Ya pili ina maana kaunta imefungwa, na una kama dakika 20 za kumaliza kilichopo mbele yako. Usijaribu kubembeleza moja ya mwisho. Leseni ni ya mwenye pabu na anaweza kuipoteza. Rudisha glasi zako kaunta unapotoka.

Aliyekunywa asiendeshe. Kikomo cha Uingereza ni miligramu 80 za kilevi kwa mililita 100 za damu, Scotland ni 50, na ukikutwa na hatia unanyang'anywa leseni kwa miezi 12 au zaidi. Bodaboda hakuna, teksi za programu hazifiki vijiji vingi, na basi la mwisho huenda likawa limepita saa moja jioni. Weka oda ya teksi kwa simu unapoagiza chakula, siyo kengele inapolia, kwa sababu kijiji kizima huenda kina gari moja na wengine nao wanaipigia.